Kujifunza Kiindonesia familia nzima mkiwa ugenini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutujia kutoka kwa familia zinazozungumza Kiswahili ambazo zimehamia Indonesia au ziko mbioni kuhamia: mmoja kapata ufadhili wa masomo, mwingine kaajiriwa, mwingine kaolewa na Mjava. Tunajibu kutoka Yogyakarta, mji wa vyuo katika kisiwa cha Java, ambako ndiko tunakolea watoto wetu. Aliyeko Jakarta, Medan au Makassar ataona tofauti za hapa na pale, lakini mengi yatamfaa.

Sisi tunajua Kiingereza. Hakitutoshi?

Kitawatosha uwanja wa ndege, chuoni na kwenye maduka makubwa ya mjini. Hakitawasaidia kwa jirani anayewaanulia nguo mvua ikianza, wala kwa muuza mboga wa asubuhi, wala kwa bibi aliyekaa barazani ambaye angependa sana kumjua mtoto wenu. Hao ndio mtakaoishi nao.

Halafu, Kiindonesia kina historia ambayo mtu wa kwetu anaielewa haraka. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana kutoka visiwa mbalimbali walikutana Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, wakaapa kuwa na nchi moja, taifa moja na lugha moja ya umoja. Kiapo hicho huitwa Sumpah Pemuda. Lugha yenye wasemaji wengi ilikuwa Kijava, na hawakuichagua. Walichagua lugha iliyotokana na Kimalei, iliyokuwa ikitumika bandarini na sokoni na watu wa makabila yote. Anayejua Kiswahili kilivyopata nafasi yake Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Matokeo yake ni kwamba Waindonesia wengi wamejifunza Kiindonesia shuleni baada ya lugha ya nyumbani, ndiyo maana wana subira kubwa na mtu anayekijaribu. Ukisema sentensi tatu zilizovunjikavunjika utaambiwa umeshakuwa hodari. Ipokee sifa hiyo, uendelee.

Kwa anayejua Kiswahili, ni lugha ngumu?

Mwanzo wake ni mwepesi kuliko lugha nyingi mlizowahi kugusa. Huandikwa kwa herufi za Kilatini, na tangu marekebisho ya tahajia ya mwaka 1972 kinasomeka karibu kama kinavyoandikwa. Herufi *c* ni *ch* yetu: *cuci*, kufua au kuosha, husomwa "chuchi". Wageni wengi husumbuliwa na *ng*, sisi hapana, maana sauti zote mbili tunazo. *Ng* ya Kiindonesia ni *ng'* yetu ya ng'ombe, kama katika *tangan*, yaani mkono. Ikiandikwa *ngg* ndiyo *ng* yetu ya ngoma, kama katika *mangga*, embe.

Mahali tunapojikwaa ni mawili. Kwanza herufi *e*. Mara nyingine ni *e* tuliyoizoea, kama katika *enak*, tamu mdomoni. Mara nyingine ni sauti hafifu inayokaribia kumezwa, kama katika *teman*, rafiki, na *besar*, kubwa. Maandishi hayaonyeshi ni ipi, kwa hiyo sikilizeni kwanza ndipo mseme. Pili, maneno yanayoishia kwa konsonanti. Ulimi wetu unapenda kuongeza irabu mwishoni, ukasikia mtu anasema "bapaki". *Bapak*, baba, hukatwa kooni; ile *k* haitoki kabisa. Na *h* ya mwisho katika *rumah*, nyumba, ni pumzi fupi inayosikika.

Sarufi ya mwanzo itawafurahisha. Hakuna ngeli. Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi wala kwa wakati: *saya makan* yaweza kuwa ninakula, nilikula au nitakula. Ukitaka kubainisha unatanguliza neno: *sudah* kwa lililokwisha kufanyika, *sedang* kwa linaloendelea, *akan* kwa lijalo, *belum* kwa ambalo bado. Kukanusha kuna maneno mawili, na Mswahili anaweza kuyashika kwa dakika tano: *bukan* hufanya kazi ya "si" katika "si mwalimu" (*bukan guru*), na *tidak* hufanya kazi ya "ha-" katika "hajui" (*tidak tahu*). "Sisi" nayo iko mara mbili. *Kita* inamjumuisha unayezungumza naye, *kami* inamwacha nje. Ukimwambia jirani *kita mau makan* umeshamkaribisha mezani, basi uwe na sahani ya ziada.

Mlima uko mbele kidogo, kwenye viambishi. Chukueni mzizi *ajar*. *Belajar* ni kujifunza, *mengajar* ni kufundisha, *pelajar* ni mwanafunzi, *pengajar* ni mwalimu, *pelajaran* ni somo. Sisi tuna soma, somesha, msomaji, masomo, kwa hiyo akili imezoea mchezo huu. Taabu ni kwamba kiambishi *me-* hula herufi ya kwanza ya mizizi mingi. *Tulis*, andika, inakuwa *menulis*. *Kirim*, tuma, inakuwa *mengirim*. *Sapu*, fagia, inakuwa *menyapu*. Katika kamusi maneno haya hupangwa chini ya mzizi, na mwanafunzi hutafuta *menyapu* kwenye M mpaka akate tamaa. Dawa ni daftari: kila mzizi mpya upewe ukurasa wake, na watoto wake wote waandikwe chini yake kadiri mnavyokutana nao. Kazi hii baba, mama na watoto wanaweza kuifanya pamoja baada ya chakula cha usiku.

Itatuchukua muda gani?

Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani inakiweka Kiindonesia katika kundi moja na Kiswahili: wiki 36 za darasa la kila siku kwa mtu aliyekulia katika Kiingereza. Nyinyi mnaanzia mahali pazuri zaidi, ila hamna darasa la kila siku. Anayeongea na majirani kila siku huanza kununua, kusalimia na kuelekeza dereva mapema sana. Kusoma gazeti, barua ya shule au fomu za uhamiaji huja baadaye, kwa sababu huko ndiko viambishi vilikojaa.

Kuna maneno yanayofanana na Kiswahili. Tuyaamini?

Yaliyotoka Kiarabu mengi yanaaminika: *kabar* ni habari, *waktu* ni wakati, *dunia* ni dunia, *kamus* ni kamusi, *sabun* ni sabuni, *musim* ni msimu, *rezeki* ni riziki. Wareno nao walipita pande zote mbili za Bahari ya Hindi, wakaacha *meja* kule na meza huku, na bendera ni *bendera* kotekote.

Mengine yatawaponza, hasa watoto, kwa sababu yanatamkwa vilevile na maana iko mbali. *Dada* ni kifua. *Kuku* ni ukucha. *Pipi* ni shavu. *Sana* ni kule. *Sisi* ni upande. *Dua* ni mbili na *lima* ni tano. *Tamu* ni mgeni, ndiyo maana mlangoni mwa mitaa mingi mtaona kibao kimeandikwa *Tamu harap lapor 1x24 jam*: mgeni anaombwa aripoti ndani ya saa 24.

Nimwiteje mtu nisiyemjua?

Hili lichukueni kwa uzito kuliko sarufi yote. Kiindonesia kina *kamu* kwa maana ya wewe, na vitabu huitaja ukurasa wa kwanza, lakini kumwambia mtu mzima *kamu* ni kumkosea adabu. *Anda*, ambayo husifiwa kuwa ndiyo ya heshima, hukaa zaidi kwenye matangazo na fomu. Watu wenyewe huitana kwa majina ya ukoo wa nyumbani, kama sisi. Mwanamume wa makamo na kuendelea ni *Pak*, kifupi cha *Bapak*. Mwanamke ni *Bu*, kifupi cha *Ibu*. Kwa Wajava kijana wa kiume ni *Mas*, wa kike ni *Mbak*. *Kak*, kifupi cha *kakak*, ni mkubwa wako kidogo, awe wa kike au wa kiume, na *Dik* ni mdogo wako. Jakarta mtasikia *Bang* kwa mwanamume. Rafiki wa wazazi huitwa *Om* na *Tante*, mjomba na shangazi, na watoto.

Maneno haya hushika nafasi ya "wewe" ndani ya sentensi. Unamuuliza mwenye duka *Ibu punya telur?*, kwa maana ya "Mama ana mayai?", ukiwa unamtazama yeye mwenyewe machoni. Ukishazoea kuuliza hivyo, nusu ya adabu ya Java umeipata.

Wafundisheni watoto *salim* kabla ya neno lolote. Mtoto huupokea mkono wa kulia wa mkubwa, huinama kidogo, akaugusisha kwenye paji la uso au puani. Hufanywa kwa babu, kwa mwalimu asubuhi, kwa mgeni wa wazazi. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo anaelewa mara moja kinachotakiwa. Anabadilisha tendo tu, na wazee humpenda papo hapo. Mengine ni haya: kutoa na kupokea ni kwa mkono wa kulia, viatu huvuliwa mlangoni, ukipita mbele ya wazee waliokaa unainama kidogo na kusema *permisi*, naomba kupita, na huko Java kuelekeza kitu kwa dole gumba ni ustaarabu kuliko kwa kidole cha shahada. Mkiwekewa chai na vitafunio mkae navyo mpaka mwenyeji aseme *silakan*, karibuni.

Majirani wanatuuliza tunakwenda wapi, tumeoga, tumekula. Ni udaku?

Ni salamu. *Mau ke mana?*, unakwenda wapi, haihitaji ratiba yako. *Jalan-jalan*, natembeatembea, inatosha. *Sudah makan?* hujibiwa *sudah* hata kama chai ya asubuhi hujaigusa. *Sudah mandi?*, umeshaoga, huulizwa sana watoto jioni, na hakuna anayemaanisha kwamba wananuka.

Mkiulizwa mambo ya ndani zaidi, kama ndoa au watoto, tumieni *belum*. Dada asiyeolewa akijibu *tidak*, amefunga mlango kwa kishindo. Akijibu *belum*, bado, ameacha nafasi ya dua na mazungumzo yanaendelea. "Bado" yetu hufanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo hili halitawapa shida.

Na ninyi jifunzeni kusikia hapana isiyotamkwa. *Nanti dulu*, baadaye kwanza, *kapan-kapan*, siku moja, au tabasamu na kimya kifupi, mara nyingi maana yake ni kwamba jambo halitafanyika. Msilazimishe jibu.

Tutaanzaje na majirani, hasa yule anayebaki nyumbani?

Swali hili huulizwa zaidi na kina mama waliomfuata mume masomoni, na siku hizi na kina baba pia. Mwenye chuo au kazi anapata watu wa kuongea nao bila kutafuta. Anayebaki nyumbani anaweza kukaa mwaka mzima akiongea na simu tu. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu tumeona watu wakirudi kwao wakiwa na huzuni, ilhali mtaa uliokuwa ukiwasubiri ulianzia nje ya geti.

Anzeni kwa Ketua RT, yaani mwenyekiti wa RT. RT ni *rukun tetangga*, kundi la nyumba jirani, na juu yake kuna RW, inayokusanya RT kadhaa. Mtanzania afikirie mjumbe wa nyumba kumi. Nendeni wote, watoto wakiwa wameoga, mkiwa na nakala za pasipoti na kitu kidogo cha mkononi, biskuti au matunda. Mtaandikishwa, na jioni hiyohiyo mtaa mzima utajua ninyi ni nani.

Darasa la pili hupita lenyewe mlangoni. *Tukang sayur*, muuza mboga wa kutembeza, huja asubuhi na pikipiki au mkokoteni ulioning'inizwa mifuko midogo kila upande: kabichi iliyokatwa nusu, tempe, soya iliyochachushwa, iliyofungwa kwa jani la mgomba, vipande vichache vya kuku, pilipili za kutosha mlo mmoja, binzari na majani ya mlimau. Kina mama hutoka na magauni ya nyumbani, huchagua polepole, na habari zote za mtaa hupitia hapo. Simameni nao hata kama mnanunua kitunguu kimoja. Maswali mawili yanatosha kwa mwezi wa kwanza: *Bu, ini namanya apa?*, mama, hiki kinaitwaje, na *dimasak apa?*, kinapikwa nini. La pili halijibiwi kwa neno moja. Mtapewa mapishi kamili, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, na pengine jioni mtaletewa bakuli mwonje.

Kisha kuna *arisan*. Ni upatu: kila mwezi wanachama hutoa kiasi kilekile, majina hukunjwa kwenye vikaratasi ndani ya glasi au chupa, hutikiswa, na jina linaloanguka ndilo linalobeba fedha. Wakenya mnajua chama, mtajisikia nyumbani. Kiasi huwa kidogo kwa kuwa wanachotafuta watu ni kukutana. Kama mna mtoto wa chini ya miaka mitano, ulizeni siku ya *posyandu*, ambapo akina mama wa kujitolea hupima watoto uzito na urefu kila mwezi.

Kwa akina baba, njia ni *ronda*, ulinzi wa usiku wa zamu. Aliyewahi kukaa sungusungu hatashangaa. Wanaume hukaa kwenye kibanda cha mtaa na kahawa, huzunguka nyumba kwa nyumba, na mahali pengi pa Java hukusanya *jimpitan*, sarafu au ukonzi wa mchele unaowekwa na kila nyumba kwenye kikopo kidogo ukutani kwa ajili ya mfuko wa mtaa. Usiku mmoja wa ronda unafundisha Kiindonesia cha kweli kuliko wiki nzima ya kitabu, maana watu wamechoka, wanaongea haraka, na hakuna anayekuandalia sentensi. Siku za *kerja bakti*, kusafisha mitaro na barabara, tokeni na jembe au ufagio. Asiyejua lugha anaweza kufagia.

Watoto waende shule gani?

Inategemea mtakaa muda gani na mna uwezo gani. Shule za mitaala ya nje zipo mijini na ada zake ni kubwa. Shule za kawaida hufuata mfumo wa miaka sita ya SD (msingi), mitatu ya SMP (sekondari ya chini) na mitatu ya SMA (sekondari ya juu), zikitanguliwa na chekechea inayoitwa TK. Mtoto wa kigeni huhitaji kibali cha kusoma, na nyaraka huchukua muda, kwa hiyo anzeni kuuliza kabla hamjapanda ndege.

Kwa mtoto wa chini ya miaka minane, maoni yetu hayana kigugumizi: TK au SD ya karibu na nyumbani. Atakishika Kiindonesia mbele yenu wote. SD watamvisha nyekundu na nyeupe, rangi za bendera, na Jumatatu atasimama kwenye *upacara*, sherehe ya kupandisha bendera. Jueni pia kwamba somo la dini ni la lazima na hufundishwa kwa kufuata dini ya mtoto, na kwamba shule za Yogyakarta huongeza Kijava pamoja na maandishi yake ya kale. Mwalimu akijua mtoto ndiyo kwanza anajifunza lugha, hupunguza mzigo. Mwambieni siku ya kwanza.

Kwa aliyefika na miaka 13 au zaidi, akiwa na mitihani ya kwao mbele, pimeni vizuri. Lugha ya masomo ya sekondari ni nzito na kijana anaweza kupoteza mwaka.

Watoto wetu wanashangaliwa, wanashikwa nywele, wanapigwa picha. Tufanyeje?

Hutokea, na linachosha. Mara nyingi ni udadisi wa watu wenye nia njema. Mtaulizwa pia kama mmetoka Papua, kwa sababu Indonesia ina raia wake wenye ngozi na nywele kama zetu, mashariki kabisa mwa nchi. Lakini nia njema ya mtu mzima haimwondolei mtoto haki juu ya mwili wake. Mpeni maneno ya kusema mwenyewe: *Maaf, jangan dipegang*, samahani, usishike, na *Tidak mau difoto*, sitaki kupigwa picha. Yakisemwa kwa sauti ya upole yanakubalika bila ugomvi. Mzazi asimame karibu, ayarudie kama hayakusikika. Na mkirudi nyumbani zungumzeni juu yake, msimwambie mtoto kwamba si kitu.

Mtaani kwenu mshangao huisha mapema, maana watu wameshamjua kwa jina. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda kwa Ketua RT wiki ya kwanza.

Kiswahili cha watoto kitapotea?

Kitapotea kama hamkukilinda, na kwa watoto wadogo hupotea haraka. Utaanza kusikia "Mama, nimeshamandi", *mandi* ikiwa ni kuoga. Mchanganyiko huo hauna ubaya wowote, unaonyesha mtoto anajua viungo vya lugha zote mbili. Dalili ya kuangalia ni nyingine: unamsemesha Kiswahili na anajibu Kiindonesia kila mara, hata mkiwa wenyewe.

Kinachosaidia ni nyumba kuwa na msimamo. Ndani ya mlango ni Kiswahili, na wazazi ndio wa kwanza kuutii. Wazazi wengi hutaka kufanya mazoezi ya Kiindonesia kwa watoto kwa kuwa watoto wanakijua zaidi; fanyeni mazoezi hayo kwa majirani. Usimkaripie mtoto anayejibu kwa lugha nyingine, rudia tu alichosema kwa Kiswahili kizuri kisha uendelee. Kipeni Kiswahili kazi ambayo Kiindonesia hakiwezi kuifanya: hadithi za paukwa pakawa usiku, vitendawili, kupika pamoja, sala, na zaidi ya yote simu ya bibi. Mtoto anayejua kwamba bibi hasikii lugha nyingine atatafuta maneno.

Waindonesia wenyewe watawaelewa. Familia ya Kijava inayohamia Jakarta ina hofu hiyohiyo juu ya Kijava cha watoto wao.

Tujifunze na Kijava?

Maneno ya salamu na shukrani, ndiyo. *Matur nuwun*, ahsante, na *monggo*, karibu au tafadhali, yatawafungulia nyuso za watu Yogyakarta. Zaidi ya hapo nendeni taratibu, kwa sababu Kijava kina ngazi. *Ngoko* ni ya marafiki na wadogo, *krama* ni ya heshima, na neno moja kama kula hubadilika kabisa kutegemea anayekula ni nani. Mgeni anayeokota ngoko kwa watoto wa mtaani kisha akamsemesha nayo mzee atakuwa amemvunjia heshima pasipo kujua. Kiindonesia hakina ngazi hizo, ndiyo maana Wajava wengi wenyewe hukikimbilia wanapokutana na wasiowajua.

Kuna madarasa rasmi?

Tafuteni herufi BIPA, yaani Kiindonesia kwa wasemaji wa lugha za kigeni. Vyuo vikubwa vinayo, kama Universitas Indonesia huko Depok na Universitas Gadjah Mada hapa Yogyakarta. Serikali hutoa ufadhili wa Darmasiswa kwa wageni wanaotaka kusoma lugha na sanaa, na wa KNB kwa shahada za juu kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea, ambao huanza na kozi ya lugha. Wafadhiliwa wa KNB huja na watoto wao mara nyingine, na maswali mengi kwenye ukurasa huu ni yao. Mtihani wa kupima kiwango huitwa UKBI. Kamusi kuu ya taifa, KBBI, inapatikana mtandaoni bila malipo. Imeandikwa kwa Kiindonesia chenyewe, na siku mtakayoanza kuitumia bila kuchoka mtajua mmepiga hatua.

Watoto wapelekeni kwenye *pencak silat*, mchezo wa kujihami, au kwenye kikundi cha angklung, ala za mianzi ambazo kila mchezaji ana noti yake. Maelekezo yote ni kwa Kiindonesia, mwili unaelewa kabla ya masikio.

Tuliojifunza Kimalei Malaysia, ni kitu kimoja na Kiindonesia?

Mtaelewana, ila muwe macho. *Budak* kwa Mmalaysia ni mtoto, hapa ni mtumwa. *Kereta* kule ni gari, hapa ni treni. *Percuma* kule ni bila malipo, hapa ni kazi bure.

Chakula kitatushinda?

Hapana. *Singkong* ni muhogo, na majani yake ni kisamvu. Ingieni mgahawa wa Padang mtakikuta kimeungwa kwa *santan*, tui la nazi. Vyombo vingi hupangwa mezani kwa pamoja na mnalipia mlichokula tu. *Sate* ni ndugu wa mishkaki, na *pisang goreng* ni ndizi za kukaanga. *Gudeg* ya Yogyakarta hupikwa kwa fenesi changa na sukari ya mnazi, watoto huipenda. Pilipili ndiyo ya kuogopwa: semeni *tidak pedas*, isiwe kali, kisha muonje kwanza wenyewe. Anayetafuta ugali asidanganywe na pakiti ya maizena, huo ni wanga wa mahindi wa kufanya mchuzi uwe mzito.

Harufu ya karafuu mtakayoisikia mitaani ni ya sigara za *kretek*. Mkarafuu wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki mwa Indonesia, ndipo ukaja kufika Unguja na Pemba, na kwa miongo kadhaa Indonesia ilinunua karafuu ya Zanzibar kwa ajili ya sigara hizo.

Na mambo ya dini na sikukuu?

Waislamu ni zaidi ya asilimia 80 ya watu, na dini sita zinatambuliwa na serikali. Muislamu kutoka pwani atakuta mengi aliyoyazoea. Mtu akifariki jirani hukusanyika kwa *tahlilan*, kisomo cha kumwombea marehemu, na husomewa tena siku ya saba, ya 40, ya 100 na ya 1,000. Wanaohudhuria hurudi na kifurushi cha chakula. Wakati wa Maulidi, Yogyakarta huwa na Sekaten, ambapo gamelan, seti ya ala za shaba, ya ikulu ya sultani hupigwa kwenye uwanja wa msikiti mkuu. Peleka watoto.

Sikukuu ya Idi huitwa Lebaran. Watu hurudi makwao kwa mamilioni, huo ndio *mudik*, na majirani huzungukiana kuombana radhi: *mohon maaf lahir dan batin*, nisamehe ya nje na ya moyoni. Asiye Muislamu naye husema na hupokelewa. Tarehe 17 Agosti, siku ya uhuru uliotangazwa mwaka 1945, mtaa hufanya mashindano ya kula kerupuk, kitafunio chepesi kilichokaangwa, iliyoning'inizwa kwa uzi bila kutumia mikono, mbio za magunia na kupanda nguzo iliyopakwa mafuta. Jiandikisheni mapema.

Tunachanganyikiwa na bei na saa.

Bei husemwa bila maelfu: *dua puluh lima* kwa nanasi mbili ni rupia 25,000. Saa zina mitego miwili. *Setengah empat* ni nusu saa kabla ya nne yao, yaani 9:30 alasiri kwa saa zetu, 3:30 kwa saa za Indonesia. Na kwa kuwa sisi huhesabu kuanzia macheo na machweo, mtoto aliyeambiwa na mwalimu *jam tujuh* aambiwe nyumbani saa moja asubuhi, na ajue ni wakati uleule.

Kwa simu za nyumbani: Indonesia ina kanda tatu za saa. Java na Sumatra ziko saa nne mbele ya Afrika Mashariki, saa tano mbele ya Bukavu na saa tatu mbele ya Muscat. Saa mbili usiku Yogyakarta, baada ya watoto kula, Dar es Salaam ni saa kumi alasiri, na bibi ameshaamka usingizi wa mchana.